Mikeka Nyuma ya Goli

Watu wa kisiwa cha Fundo walipovuka kuja Wete, nyumbani kwa Fundi Mmanga, kupanga harusi ya bintiye Yumna, kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Suhail. Busati lilikuwa limetandikwa, halua imefunuliwa, buli la kahawa linafuka, na wageni wamekwisha kuketi wakiulizana hali za jamaa mmoja mmoja. Bi Kazija, mama mwenye nyumba, alikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, akimtafuta mwanawe kwa macho. Suhail, mdogo wake Yumna, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyepewa kazi ya kupitisha kahawa. Kazi yenyewe si ngumu, lakini mbele ya wakwe ina maana yake: kijana akimimina vizuri, watu husema nyumba hii ina malezi.

Alitokea mlango wa uani, kanzu kaivaa nyuma mbele. Mama yake hakuliona hilo. Aliona tu kwamba amefika, akamtia sinia mikononi na kumsukuma ukumbini.

Mwanzo alikwenda vizuri. Aliwasalimu wageni, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akafika mbele ya Mzee Jaribu, baba mkubwa wa bwana harusi, akainama kumpa kikombe, akaendelea kuinama. Sinia likatangulia, buli likafuata, na Suhail mwenyewe akamalizikia mapajani mwa mzee. Alipoinua kichwa alisema, "Samahani babu," kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, na hakuna aliyemsaidia kukicheka.

"Kijana ana nini?" aliuliza Mzee Jaribu huku akiikung'uta kanzu yake.

"Homa, sheikh," alijibu Fundi Mmanga. "Imemshika tangu asubuhi."

Mzee Jaribu aliinama akamnusa Suhail kichwani, kama mtu anayenusa samaki sokoni, kisha akanyooka polepole. "Homa hii," alisema, "harufu yake naijua."

Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee aliomba maji akaifuta kanzu, akasema maji ya bahari yanakupwa na mashua haitongoja. Pilau lilikuwa linapakuliwa. Fundi Mmanga aliwasihi wakae japo kwa tonge moja, wakashukuru, wakasema wakijaaliwa watarudi, wala hawakutaja siku. Nyuma ya pazia Yumna aliwasikia wakivaa viatu. Jioni ile nyumba nzima ilikula pilau la wakwe bila hamu, na majirani, waliokwisha kupata habari kabla sahani hazijaoshwa, wakapelekewa lililobaki.

*

Asubuhi Fundi Mmanga hakwenda karakana. Alikuwa seremala wa vitanda na makabati, mtu wa maneno machache, na kwa kawaida hasira zake alizimalizia kwenye mbao. Siku hiyo alichukua fito, akaishika, akamtazama mwanawe aliyekuwa akishikilia kichwa kwa mikono miwili, akaitua. Alisema kijana akitoka hapo asiende tena mpirani, basi, mambo yamekwisha.

Bi Kazija hakuona kama yamekwisha. Alimkalisha Suhail jikoni juu ya mbuzi, akamrundikia nazi, akamwambia azikune zote. Akakaa naye akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Hakumuuliza kitu. Alikuwa anajua kwamba mtu anayekuna nazi hana pa kutazama isipokuwa chini, na anayetazama chini husema.

Nazi ya pili haijaisha, Suhail akaanza. Habari yenyewe ilihusu timu. Alipoingizwa timu ya mtaa alikuwa mchezaji mzuri, kila mtu alimwambia hivyo, lakini uwanjani mpira ulikuwa haumfikii. Alikimbia, akaita, akapunga mikono, mpira ukaenda upande wa pili. Akadhani hajui. Baadaye mwenzake mmoja akamwonea huruma akamweleza. Wakimaliza mazoezi wote hujikusanya nyuma ya banda la kukaushia nazi za mbata, na pale hakosekani dumu la tembo la mnazi. Kocha wao, Ashraf, ndiye analinunua. Wao hawaliiti tembo, wanaliita supu.

"Aliyekataa supu hapewi pasi, mama," alisema Suhail. "Si kama wanasema. Hawasemi. Hawakupi tu."

Akanywa. Kesho yake Hamad, nahodha wa timu, akampa pasi ya kwanza, akafunga goli. Tangu siku hiyo mpira ukawa unamtafuta. Siku ya wageni, alipita bandani kwa kuwa hofu ya wakwe ilimbana, na wenzake wakamwambia glasi moja itamtuliza mikono.

Fundi Mmanga alikuwa amesimama mlangoni, hapana aliyejua tangu lini. Aliuliza kama chuo cha Kurani hakufundishwa kwamba ulevi ni haramu.

"Nilifundishwa, baba." Suhail aliendelea kukuna. "Lakini kila jioni barazani mnamtaja mzee Mabruki. Alivyolewa akapiga hodi zizini akangoja ng'ombe amkaribishe. Mnacheka mpaka mnafuta machozi. Mie ndiye ninayekumiminieni kahawa. Sijapata kukusikieni mkimcheka mtu kwa mapenzi hivyo."

Fundi Mmanga aliondoka mlangoni. Alikwenda karakana, na mchana kutwa haikusikika nyundo.

*

Bi Kazija alijifunga buibui akaanza nyumba kwa nyumba. Alianza kwa Mwanawema, mama yake Hamad, ambaye alimkaribisha kwa chai na kumpa pole kwa yaliyomfika. Akasema namshukuru Mungu Hamad wangu hanywi. Ni kweli wiki iliyopita alitapika, lakini ile ilikuwa homa.

Nyumba ya pili mama mmoja naye alisema mwanawe hanywi, ila siku hizi homa zinamwandama, hasa za jioni. Nyumba ya tatu kulikuwa na homa ya kuamka nayo, inayotaka maji mengi na ndimu. Bi Kazija alikuwa hacheki siku zile, lakini alipofika nyumba ya nne akaambiwa kuna maradhi yameingia mtaani hata daktari hayajui, alijikuta amejifunika uso kwa ukaya, mabega yakimtikisika. Mwenyeji akadhani analia. Alipoona sivyo, naye akamtazama, akaelewa, akaanza kucheka pia. Kisha wote wawili wakanyamaza kwa pamoja.

Nyumba iliyokuwa nzito ni ya Bi Bimkubwa, mama yake Ashraf. Bi Kazija alizunguka sana kabla ya kuingia, maana angemwambiaje mtu mzima kwamba mwanao ndiye anayewalewesha wetu? Lakini Bi Bimkubwa hakumngoja aseme. Alimwambia kwamba Ashraf tangu arudi kutoka Unguja, baada ya kazi ya hotelini kumwishia, analala mpaka adhuhuri. Marafiki wa rika lake wameoa, wana shughuli zao. Wanaomtafuta ni wale watoto wa mpira tu. "Nilifurahi kwamba ana wa kukaa naye," alisema. "Sikuuliza wanakaa wanafanya nini. Niliogopa jibu."

Jioni hiyo hiyo wanawake wakapanga la kufanya, na Bi Kazija akamwomba mumewe amwache Suhail arudi mpirani.

*

Vijana walikuwa wameanza mazoezi walipowaona. Wanawake walikuja kwa mstari wakipita kando ya uwanja, mabuibui yamejaa upepo, vikapu vichwani na mikeka kwapani. Wakatandika nyuma ya goli. Mmoja aliuliza kwa nini yule wa katikati anapuliza firimbi kila mara na hakuna anayemsikiliza. Mwengine aliuliza kama wale wanagombana au ndivyo wanavyocheza.

Ashraf alijifanya hawaoni. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye saa kubwa mkononi na sauti ya kuamrisha, na siku hiyo sauti ilimpungua. Mazoezi yalipokwisha vijana walianza kuelekea kwenye banda la mbata, mmoja mmoja, kama kawaida yao. Wanawake wakainuka, wakakunja mikeka, wakafuata.

Nyuma ya banda vijana walisimama hawajui pa kuweka mikono. Dumu lilikuwapo, limefunikwa kwa makumbi ya nazi, nyuki wanalizunguka. Ashraf alimsogelea mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapa ni mahali pa wanaume."

"Nimesikia," alisema Bi Bimkubwa. "Nimekuja kuwatazama. Wako wapi?"

Hakuna aliyecheka, ingawa baadhi ya vijana waliuma midomo. Bi Bimkubwa alitandika mkeka wake hatua chache na dumu, akakaa, akafungua kikapu. Kulikuwa na mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga na chupa za uji wa moto. Wanawake wakapakua kama wako nyumbani. Vijana walikataa kwa adabu, wakakataa tena, kisha mmoja akakaa. Walikuwa wamekimbia tangu baada ya sala ya alasiri na hakuna aliyekuwa na kitu tumboni. Ikawa wanakula wote. Aliyebaki amesimama ni Ashraf peke yake, mpaka mama yake alipomshika upindo wa suruali akamvuta chini kama alivyokuwa akimvuta utotoni.

Wanawake walirudi mazoezi yaliyofuata, na yaliyofuata. Dumu likatoweka nyuma ya banda. Vijana wawili nao wakatoweka, wakasemekana wamehamia timu ya upande wa pili wa mji, ambako mama zao hawafiki. Wengine walibaki, lakini mambo hayakuwa mepesi kama uji. Watoto wa mitaa mingine waliwaita Timu ya Mikeka. Na Suhail, aliyeonekana kuwa ndiye mchawi wa yote, hakupewa pasi hata moja. Ilirudi kuwa kama mwanzo, ila sasa alijua sababu, na kujua hakumpunguzii uchungu. Jioni moja alirudi nyumbani akamwomba mama yake aache. Alisema anaona bora asicheze kabisa kuliko kukimbia uwanja mzima kama mbuzi aliyefunguliwa.

Kwa mara ya kwanza Bi Kazija alijiuliza kama hakumkosea mwanawe kwa kumtafutia dawa mbele za watu. Aliyejibu ni Yumna, ambaye tangu siku ya wageni alikuwa hasemi na mdogo wake. Alimwambia aende akacheze, kwa sababu kama ameharibu harusi ya mtu basi angalau asiharibu na mpira.

Yumna mwenyewe alikuwa na vita vyake. Ame, mchumba wake, alikuwa akipiga simu kila siku kutoka Fundo na kila siku akisema wazee bado hawajakaa kitako. Siku hiyo Yumna alimjibu kwa utulivu kwamba kama anataka mke ambaye katika nyumba yao hakuna aliyekosea, amtafute malaika, na malaika hawaolewi. Akakata simu. Ame akaenda kumkalisha baba yake mkubwa kitako yeye mwenyewe.

*

Barazani kwa Fundi Mmanga nako kulibadilika jambo dogo. Jioni moja mzee mmoja alianza kama desturi, "Wamkumbuka Mabruki na ng'ombe wake?" na wenzake wakaanza kujiandaa kucheka. Fundi Mmanga akauliza watoto wa Mabruki wako wapi sasa. Watu wakatazamana. Mmoja alisema mkubwa yuko Tanga, hajapata kurudi. Wadogo walilelewa na jamaa, kila mmoja nyumba yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Mabruki mwenyewe alikutwa amekufa shambani, peke yake, na hiyo sehemu ya hadithi ilikuwa haihadithiwi.

Fundi Mmanga alisogea kwenye kiti cha baraza, akaacha nafasi. Suhail alikuwa amesimama na buli. "Litue hilo," baba yake alimwambia. "Kaa." Kijana alikaa. Hakuna aliyejua amuulize nini, kwa hiyo walimuuliza hali ya shule, akajibu ni nzuri, wakarudi kwenye kahawa yao. Lakini kesho yake alikaa tena.

*

Mechi na timu ya Fundo ilikuwa imepangwa zamani, kabla ya kahawa kumwagika, na sasa hakuna aliyethubutu kuivunja. Mashua zilileta wachezaji na washabiki, na miongoni mwao akiwamo Mzee Jaribu, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Golini mwa Fundo alisimama Ame. Mikeka ya wanawake siku hiyo ilitandikwa nyuma ya goli hilo hilo, na Yumna alikuwa amekaa mwanzo kabisa, amejitanda hata pua haionekani. Ame aliruka kwenye kila mpira, hata uliokuwa unakwenda nje.

Fundi Mmanga alikuja pia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika uwanjani, na alisimama mbali kidogo akijifanya anapita.

Kipindi cha kwanza Suhail alikimbia bure. Cha pili Hamad alinasa mpira katikati, akatazama kushoto kwa rafiki zake, wote wamezibwa, akatazama kulia. Kulia palikuwa na Suhail peke yake, mkono juu, kama alivyokuwa siku zote. Hamad alikuwa amelala vizuri, kichwa chake chepesi, na alitaka kushinda. Akampa. Suhail aliutuliza kwa kifua, akaupiga chini, ukampita Ame ukaingia pembeni. Wanawake wakapiga vigelegele, na Yumna akapiga pamoja nao kabla ya kukumbuka ameposwa na nani. Fundi Mmanga alirusha kofia yake juu akamkumbatia mtu asiyemjua.

Mshika kibendera alikuwa amekinyoosha. Goli likakataliwa.

"Kwa nini?" alinguruma Fundi Mmanga, na watu wakageuka, maana wengi walikuwa hawajapata kuisikia sauti yake. Aliambiwa ofisaidi. Alisema hiyo ofisaidi nani kaileta Pemba, mpira umeingia, wote wameuona. Mechi ikaisha bila bila, naye bado anadai goli lake.

Baada ya firimbi ya mwisho Suhail alivuka uwanja peke yake, jasho likimtiririka, akaenda aliposimama Mzee Jaribu. Aliupokea mkono wa mzee akaubusu, akasema hakuwa na homa siku ile, alikuwa amelewa, baba yake alidanganya kwa kumstahi, na anamwomba radhi kwa kanzu na kwa yote.

Mzee Jaribu alimtuma akawaite wazee wake, na walipofika, Fundi Mmanga na Bi Kazija nyuma yake, mzee aliwasogeza kando na watu. Bi Kazija alijiandaa kwa lolote.

"Siku ile sikuondoka kwa hasira," alisema Mzee Jaribu. Alikuwa akichora mchanga kwa bakora. "Niliondoka kwa aibu. Harufu ile naijua kwa kuwa iko nyumbani kwangu. Nina mjukuu wa umri wa huyu. Mie ni imamu, Bi Kazija, na kila siku nawaambia watu ana homa."

Bi Kazija alimtazama mzee yule aliyemwogopa siku zote zile. Alitaka kumwambia neno la kumpoza, lakini lililomtoka ni kuuliza kama Fundo kuna uwanja.

"Upo."

"Basi sie tutakuja," alisema. "Mikeka tunayo."

Mzee Jaribu alicheka, polepole, mpaka bakora ikamtikisika mkononi. Akasema waje na siku hiyo hiyo wamalize mazungumzo ya harusi, na safari hii watu wale pilau. Ashraf, aliyekuwa akiokota mipira karibu yao, aliulizwa na mama yake kama atawapeleka. Alisema atawapeleka. Hakusema zaidi ya hapo, na Bi Bimkubwa hakumdai zaidi. Alikuwa bado na asubuhi ngumu, mama yake alizijua, lakini siku ile alikuwa ameamka kabla ya adhuhuri.

*

Jioni wazee walikutana barazani kwa Fundi Mmanga, na mazungumzo yakawa ni goli lile. Fundi Mmanga alieleza upya alivyoliona. Suhail akamwambia kwamba ilikuwa ofisaidi kweli, yeye mwenyewe alijua tangu anapokea mpira. Baba yake alimtazama kama aliyesalitiwa.

"Hebu nielewesha basi," alisema. "Kitu gani hicho?"

Suhail alishuka chini. Alichukua viatu vya wazee vilivyokuwa vimevuliwa chini ya baraza, akavipanga mchangani, mabeki huku, washambuliaji kule, kandambili la bluu ndilo golikipa. Alieleza mara ya kwanza, wazee wakabishana. Alieleza ya pili. Wawili wakadai wameelewa, na kila mmoja alikuwa ameelewa lake. Fundi Mmanga aliteremka akachutama pembeni mwa mwanawe, akashika kiatu kilichokuwa Suhail, akakisogeza nyuma kidogo, akauliza je kama angekuwa hapa. Suhail alisema hapo angekuwa sawa. Akakisogeza nyuma tena. Na hapa? Hapo pia sawa. Na hapa?

Mwadhini alikuwa anakaribia kuadhini magharibi. Mzee mmoja aliinuka, akatafuta kiatu chake, akakiona katikati ya mchezo, akanyoosha mguu kukivaa.

"Ngoja yakhe," alisema Fundi Mmanga, akimzuia mguu kwa mkono wake wa useremala bila ya kuinua macho. "Chako ndicho beki wa mwisho."